Mkuu, hilo bango usilitundike

Nimesoma swali lako nikiwa kitandani, usingizi umekata. Unafungua duka la vifaa vya ujenzi Kibaha, mtaji milioni 8, unauliza leseni, mshahara wa kijana wa kaunta, na kama uanze na bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi".

Bango hilo nilikuwa nalo. La rangi nyekundu, herufi kubwa. Limenila kuliko wezi.

Akili hiyo nilipewa na bosi wangu wa zamani pale Kariakoo. "Ukimzoesha mteja kurudisha, kesho atakuletea hata msumari alioupinda mwenyewe." Nikamwona msomi! Kumbe yeye anauzia watu wa mikoani wanaopanda basi siku hiyohiyo. Nani atatoka Songea kurudisha kitasa? Mimi duka langu liko mtaani, wateja wangu naswali nao. Hilo mzee hakunieleza, na kama anasoma hapa, aendelee kusoma.

Ilikuwa masika. Fundi mmoja akachukua mifuko 20 ya saruji ya kumwaga lenta. Ile ya chini niliilaza sakafuni, imegusa ukuta, bila hata mbao chini yake. Ndiyo, muuza vifaa vya ujenzi aliyekosa mbao. Chekeni mmalize. Jioni akarudisha mitatu kwa guta, imeganda, ukiigonga inalia kama tofali. Hakuja na shari. "Bosi, hii imekufa, nibadilishie, vijana wamesimama." Mimi huyo, nikanyoosha kidole kwenye bango. Mbele za watu! Tena nikaongeza, nitajuaje kama hukuinyeshea wewe?

Mifuko yote mitatu haikufika elfu hamsini. Na moyoni nilijua kabisa imeharibikia kwangu.

Sasa elewa biashara yetu. Mwenye nyumba yuko kazini mjini, anatuma hela tu. Fundi ndiye anayeamua saruji inunuliwe wapi, kisha nondo, bati, rangi, mpaka bawaba za milango. Na mafundi wana kijiwe chao, habari haifiki asubuhi. Miezi miwili baadaye nilikuwa nauza misumari robo kilo na gundi ya bomba. Bango likabaki linamwelekeza nani sijui.

Halafu nikaja kuambiwa kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake, na akiuziwa bidhaa mbovu ana haki ya kudai. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa hela nijishtaki mwenyewe ukutani.

Kwangu siku hizi ni hivi: kitu kibovu kikirudi, kipokee kwanza, badilisha, maswali baadaye. Kijana wa kaunta awe na ruhusa ya kubadilisha bila kukupigia simu, maana mteja akiambiwa "ngoja bosi aje" ameshaanza kukasirika. Atakayekudanganya mara moja atakula mfuko mmoja. Utamjua, na hatarudia. Mimi kwa miaka minne nimedanganywa mara mbili, mmoja ni shemeji yangu.

Yule fundi bado tuko naye mtaa mmoja. Nilimfuata kumwomba radhi, akasema yameisha. Guta lake linapita mbele ya duka langu limejaa saruji ya jirani, ananipungia mkono vizuri tu.