Glock na USP-S kwanza, Deagle baadaye

Mkuu, kama hela inatosha skini (mwonekano wa rangi na michoro ya silaha) moja au mbili za bastola kwenye mchezo wa Counter-Strike 2, anza na Glock-18 na USP-S. Raundi ya 1 na ya 13 unaanza na mojawapo bure, kutegemea upande wako, kwa hiyo utaziona kila mechi. Deagle (Desert Eagle) ni ya kununua, utaishika mara chache.

Usilipie jina la daraja la uchakavu, angalia floti, yaani namba ya uchakavu wa skini: ikiwa ndogo, skini ni safi zaidi. Field-Tested inaanzia 0.15 mpaka 0.38, ya 0.16 mara nyingi inakaribia kabisa Minimal Wear (daraja safi zaidi linalofuata) kwa sura, na bei iko chini. Floti haibadiliki hata ukicheza miaka, kwa hiyo mkwaruzo unaouona leo ndio utakaokaa nao. Bonyeza Inspect uigeuze: kwenye Glock tazama ubavu wa slaidi, kwenye USP-S tazama kiwambo cha sauti, maana ndicho kinachojaza skrini.

StatTrak (skini yenye kihesabu cha mauaji) ya mtumba usiilipie kwa sababu ya hesabu yake ya mauaji. Ikibadilisha mikono inarudi sifuri.

Na ukishanunua, iweke kwenye loadout (orodha ya silaha zako za kila upande). Skini ya Glock haitokei upande wa CT (wanaopambana na magaidi). Deagle iweke pande zote mbili.