Kimi hakuadhibiwa
Je, Kimi Räikkönen, aliyekuwa dereva wa timu ya Lotus katika mbio za magari za Formula 1, aliadhibiwa kwa kumjibu mhandisi wake redioni “niacheni, najua ninachofanya” huko Abu Dhabi 2012? Hapana, halikumletea adhabu yoyote. Alishinda mbio zile, na baadaye akawagawia wafanyakazi wa Lotus fulana zenye maneno hayohayo. Mhandisi wake alikuwa anamtajia pengo kati yake na Fernando Alonso, dereva aliyekuwa nyuma yake. Kisha, nyuma ya gari la usalama (linaloongoza magari polepole kukiwa na hatari njiani), akamkumbusha kupasha matairi yote manne, akajibiwa kwa ukali vilevile. Kwenye redio hizo za dereva na mhandisi, “tafadhali” hupoteza muda tu. Kinachoudhi kweli ni kumsemesha dereva akiwa amekanyaga breki au yuko katikati ya kona. Mhandisi makini husubiri afike sehemu iliyonyooka. Halafu runinga huturushia vipande vya mazungumzo hayo vilivyochaguliwa tu, tena vimechelewa kidogo.