Dada, kwanza rudisha hicho kidonge kwenye pakiti

Mleta uzi, salamu baadaye. Nimesoma ulichoandika: jirani yako wa Tabata anahamia Dodoma, anataka kukuachia paka wake wa miaka 12, unauliza kama atazoea kwako, ale nini, na kama bado ana nguvu ya kukamata panya. Halafu mwishoni, kama mtu anayeulizia bei ya fungu la nyanya, umechomekea: "anachechemea mguu wa mbele, nimpe nusu Panadol au robo?"

Usimpe. Hata unga wa kulamba kidoleni usimpe. Na kama umeshampa, acha kusoma hapa, mbebe sasa hivi umkimbize kwa daktari wa mifugo, umwambie umempa nini, kiasi gani, saa ngapi. Sisi tutaendelea kupiga soga bila wewe.

Naongea hivi kwa sababu mimi nilimpa.

Ilikuwa Aprili 2019, masika yamechachamaa. Napanga Kinondoni. Mama wa chumba cha pili alikuwa anarudi kwao Tanga, akaniachia paka jike wa kijivu, miaka 13, jina lake Bibi. Nilimpokea shingo upande. Nilijua nimeletewa mgonjwa wa kuuguza, kumbe nimeletewa mwenzangu wa nyumbani. Hakupanda mapazia, hakukojoa ovyo, hakulia usiku. Nikitoka kazini namkuta amekaa juu ya king'amuzi, maana kuna joto, na joto la Dar lote lile lilikuwa halimtoshi. Mtaa mzima ukawa unanicheka, mwanaume wa miaka 34 anaishi na Bibi.

Jumamosi moja akaamka anachechemea. Akikanyaga tu anauinua mguu wa kulia wa mbele haraka, kama amegusa sufuria ya moto. Nikaenda duka la dawa la pale mtaani, nikamweleza kijana wa kaunta. Hakuuliza hata swali moja. Alisema, na sauti yake ninayo mpaka leo, "Kaka, huyo ni kama mtoto mdogo tu, mpe nusu Panadol sasa, kesho nusu nyingine." Kama mtoto mdogo! We kijana, mtoto gani umewahi kumwona ana mkia? Lakini alikuwa amevaa koti jeupe, na mimi nikiona koti jeupe akili huwa zinakaa pembeni. Nikarudi, nikauliza tena kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji ili niwe na uhakika. Watatu wakaweka dole gumba. Mmoja akaongeza kwamba roho ya paka ngumu, hafi kwa kidonge. Huyo bado tunasalimiana, lakini ajue simjibu kwa moyo.

Nikasaga nusu kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakoroga kwenye mchuzi wa vibua. Bibi alilamba bakuli mpaka likasogea likagonga ukuta. Akimaliza akaja kunilamba kidole kilichokuwa na unga uliobaki.

Hiyo ni saa 12 jioni. Saa 2 usiku akaanza kutoa udenda. Saa 4 uso umevimba kama kaumwa na nyuki, nyayo za mbele zimejaa kama maandazi. Nikamfunua mdomo kwa tochi ya simu, umeme ulishakatika: fizi zake zimegeuka rangi ya kahawa iliyolala. Anahema mbio mbio na macho yote yako kwangu. Nilipiga simu kwa waganga wa mifugo watatu, hakuna aliyepokea, na siwalaumu, saa 4 usiku mvua inanyesha nani anapokea simu ya paka? Wa nne akapokea alfajiri. Nikachukua bajaji, Jangwani imefungwa kwa maji kama kawaida yake, tukazunguka mji mzima, Bibi yuko ndani ya kapu la sokoni nimemfunika kwa shati langu la kazini.

Daktari alimtoa damu kidogo, akainua bomba la sindano kwenye mwanga ili nione. Damu ilikuwa rangi ya chokoleti. Akanieleza taratibu, bila kunifokea, afadhali angefoka. Ini la paka halina uwezo kama wa ini letu wa kuivunja paracetamol, ndiyo hiyo Panadol, na kuitoa mwilini. Inageuka sumu, inaharibu damu mpaka haibebi tena hewa, paka anakosa hewa huku anapumua. Na hata kwa hesabu ya uzito tu nilikuwa nimeharibu. Mtu wa kilo 70 akimeza vidonge viwili, miligramu 1000, anapata kama miligramu 14 kwa kila kilo. Bibi alikuwa na kilo tatu na nusu. Nusu yangu, miligramu 250, ilimpa zaidi ya 70 kwa kila kilo. Na paka anaweza kudhurika hata kwa 10. Kwa hiyo dada, hiyo robo unayoiona ya huruma, kapige hesabu mwenyewe.

Dawa ya kuikata hiyo sumu ipo, ni asetilisisteini, hiyo hiyo wanayopewa watu waliozidisha paracetamol, lakini inataka uwahi. Mimi nilifika masaa 12 baada ya bakuli la vibua. Daktari alijaribu. Bibi alikufa Jumapili kabla ya adhana ya adhuhuri.

Sasa sikia kinachoniamsha usiku. Daktari akiwa anamfunika, akaugeuza ule mguu, akatenganisha manyoya ya kiganja kwa vidole viwili, akaniita. Ukucha mmoja ulikuwa umerefuka, umepinda kama ndoana, ncha yake imeingia ndani ya nyama. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wote. Paka wakizeeka wanaacha kukwaruza miti na makochi, kucha zinanenepa, hazirudi vizuri ndani. Ndiyo maana kwenye vigae unawasikia wakipita, tik, tik, tik. Kilichotakiwa ni kikata kucha na kusafishwa kidonda. Kikata kucha nilikuwa nacho. Kiko kwenye droo, nilinunua Kariakoo kwa 1,500.

Jumatatu kazini nikaandika kwenye grupu kwamba nimempoteza Bibi, naomba ruhusa. Wakachanga rambirambi. 85,000. Nilichelewa siku mbili kuwaambia ukweli, na kurudisha zile hela ilikuwa aibu kuliko msiba wenyewe. Mama mwenye nyumba naye akanikumbusha hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Nikamwambia mama, mimi sikumfungia, mimi nilimtibu. Hakucheka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaibandika kwenye kila uzi wa paka mpaka wasimamizi wa jukwaa wanifungie: paka hapewi dawa ya binadamu ya maumivu. Brufeni hapana, diklofenaki hapana, aspirini ya babu hapana. Zipo dawa za maumivu za paka, anaziandika daktari wa mifugo baada ya kumpima, maana figo za paka mzee mara nyingi zimeshachoka. Akichechemea, angalia kwanza. Kaa chini, mweke mapajani, bonyeza kila kidole taratibu, tazama ukucha mmoja mmoja. Ukikuta umeingia kwenye nyama, mpeleke. Usipoona kitu, mpeleke vilevile. Paka wengi waliopita miaka 12 wana maungio yaliyochakaa na hawalalamiki, utaona tu ameacha kuruka kitandani, au manyoya ya mgongoni yamekuwa mafundomafundo kwa sababu hafiki kujilamba.

Na kuna mtu hapo juu amekuambia miaka 12 ni maiti inayotembea, usijisumbue. Apuuzwe. Marekani, jimbo la Texas, kulikuwa na paka anaitwa Creme Puff, amezaliwa 1967 amekufa 2005. Miaka 38! Huyo wako anaweza kukuona mpaka unaolewa, na kama umeshaolewa, basi mpaka unaozesha.

Mchukue. Mimi mwenyewe sasa hivi ninaye Mstaafu, dume, miaka 14, aliachwa na familia iliyohama Mbezi. Nilimwekea kreti ya soda mbele ya kochi iwe ngazi. Kila jioni anapanda kreti, anapumzika hapo kidogo kama mzee aliyefika ghorofa ya pili, halafu anamalizia. Akifika ananikalia miguuni na kunguruma mpaka taarifa ya habari inaisha. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi namkata kucha, ananiachia mguu mmoja mmoja huku ameangalia pembeni kama mtu anayechomwa sindano.

Uliuliza pia habari za panya. Juzi mmoja alipita mbele yake kutoka jikoni. Mstaafu alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni, akapiga miayo.

Kidonge umeshakirudisha? Jibu hilo kwanza.