Picha ya meno yaweza kujua hali ya mifupa?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Nina miaka 57, hedhi ilikoma nikiwa na 43. Nilikwenda kutibiwa gego nikapigwa eksirei ya taya zima. Daktari wa meno akasema ukingo wa taya la chini ni mwembamba, nikapime mifupa. Taya na nyonga wapi na wapi? Tena fizi zimeshuka na meno mawili yanacheza. Ndiyo mifupa inaisha?
Mama B., Tanga

JIBU: Mama, ushauri huo usiupuuze. Hedhi ikikoma, homoni ya kike ya estrojeni hushuka na mfupa huvunjwa haraka kuliko unavyojengwa, nyongani, mgongoni na hata tayani. Hauumi unapopungua, ndiyo maana wengi hugundua siku wanapojikwaa kidogo tu na kuvunjika mkono. Kwako, hedhi kukoma kabla ya miaka 45 kunaongeza hatari.

Picha ya taya zima inafaa kwa kuwa inaonyesha ukingo wote wa chini; ile ndogo ya jino moja haifiki huko. Daktari hutafuta tundu la mshipa wa fahamu, kwa kawaida karibu na jino la tano kutoka katikati, kisha hupima unene wa ganda gumu chini yake. Likiwa chini ya milimita 3 kwa mwanamke aliyekoma hedhi, inafaa akapimwe zaidi. Huangalia pia upande wa ndani wa ganda. Likiwa imara, mstari wake ni laini. Likianza kuliwa huwa na mapengo ya nusu mwezi. Likizidi huwa na vitundu na matabaka kama ya chapati.

Makosa hutokea. Mashine hukuza picha, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30. Milimita 3.5 kwenye picha iliyokuzwa kwa asilimia 25 ni 2.8 tu tayani. Kidevu kikiinama au kuinuka mno, ukingo hupotoka. Kivuli cha mfupa wa shingoni kikiangukia hapo, kipimo hakiaminiki. Uliza kama pande zote mbili zilipimwa.

Hata hivyo, mtu asiandikiwe dawa kwa picha ya meno peke yake, na taya zuri halithibitishi kwamba nyonga ni salama. Kinachothibitisha ni kipimo cha DEXA, yaani eksirei maalumu ya kupima uzito wa mfupa, cha nyonga na mgongo wa kiunoni: alama ya T, inayolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 au chini zaidi, hiyo ni osteoporosisi, yaani mifupa kuwa dhaifu na rahisi kuvunjika. Mashine zake ni chache, zaidi ziko hospitali kubwa za mijini, kwa hiyo piga simu kwanza. Nenda na picha yako, na ueleze kama umewahi kuvunjika, kama mzazi alivunjika nyonga, na kama umetumia prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) miezi 3 au zaidi. Usirudie eksirei ya taya kwa ajili ya mifupa tu. Hiyo uliyo nayo inatosha.

Fizi ni habari nyingine. Mfupa unaoshika meno huliwa pembeni ya jino kwa sababu ya ukoga na bakteria wake. Tiba ni kusafishwa hadi chini ya fizi. Vidonge vya kalsiamu havitazirudisha.

Na kama kuna jino la kung'oa, ling'olewe kabla hujaanza dawa ya mifupa kama alendronati, kwani kwa wachache wanaoitumia, taya hukataa kupona baada ya kung'oa. Ukishaianza, mwambie daktari wa meno mapema, wala usiikatize mwenyewe.