Santuri ya Wild Cherry uliyoikuta kwenye sanduku la mzee

Dada, pole kwa msiba wa baba. Umesema umekuta santuri yake ndogo huko Jinja, imeandikwa Play That Funky Music, wimbo wa bendi ya Wild Cherry, na unauliza ni ya lini na kwa nini wazungu wanaimba "white boy" (kijana mweupe) kana kwamba wanajitukana.

Anza na karatasi ya katikati. Ikisomeka Epic, namba 8-50225, na upande wa pili una The Lady Wants Your Money, basi hiyo ni chapa ya Marekani ya 1976. Tundu lake ni pana, kama inchi moja na nusu, kwa hiyo halishiki kwenye kijiti cha gramafoni mpaka uweke kijazio. Cha kwangu nilikikata kwenye soli ya kandambili. Nilikosea katikati kidogo tu, sauti ikayumba kama mlevi anayerudi nyumbani kutoka Kabalagala. Cha pili nilikipima kwa sarafu, kikakubali.

Wimbo wenyewe ulitungwa na Rob Parissi, mtu wa Ohio. Jina la bendi alilitoa kwenye boksi la pipi za kikohozi alipokuwa amelazwa hospitali, na hapo usitafute falsafa! Walikuwa wapiga roki. Kufika katikati ya miaka ya 70, disko ilikuwa inazinyang'anya tonge bendi za roki. Wakawa wanapiga kwenye klabu moja ya Pittsburgh yenye wateja wengi weusi, na wateja wakiwauliza kila mara kama vijana weupe hawa watapiga fanki (muziki wa weusi wa kucheza, wenye besi nzito) au la. Mpiga drami wao, Ron Beitle, akamkumbusha Parissi maneno hayo. Parissi akachukua kikaratasi cha kuandikia oda za baa, akaandika papo hapo.

Sasa, walipoingia studio walikuwa na mpango mwingine kabisa. Walitaka kutoa wimbo wa bendi ya Commodores, I Feel Sanctified, na huu wao uwekwe nyuma kama kijalizo. Wenye Sweet City, kampuni ya rekodi iliyosambazwa na Epic, waliposikiliza wakasema geuzeni. Septemba 1976 ukashika namba moja Marekani kwa wiki tatu, na ukaongoza pia kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Kwa bendi ya wazungu, hilo la pili ndilo zito zaidi.

Maana yake mimi niliipata Bombo, mji wa Wanubi huko Uganda. Tulikuwa vijana wanne, roki tupu, tukaitwa kwenye arusi ya Wanubi kwa sababu bei yetu ilikuwa ya chini. Nyimbo tatu zikapita, watu wanakula pilau, hakuna aliyeinuka. Haboba (bibi) mmoja akaja hadi mbele ya spika, gurbaba yake, vazi la wanawake wa Kinubi, kaikaza vizuri, akasema: "Wajukuu zangu, vyombo vyote hivi, na doluka hamjui?" Doluka ni ngoma ya Wanubi. Mpiga drami wetu akainamisha kichwa. Nikaanza kuyafuata makofi ya akina mama kwa besi, noti mbili, hizo hizo mbili. Sikudanganyi kwamba tuliipiga sawasawa, lakini baada ya muda viti vilibaki vitupu.

Hicho ndicho anachokisimulia Parissi. Mwimbaji ni mpiga roki aliyeridhika na roki yake, mara anaona watu wanacheza kitu kingine, na anaambiwa wazi apige hicho. "White boy" ni kauli ya mteja. Yeye kaibeba akajicheka nayo, na nadhani ndiyo maana weusi waliununua bila kinyongo.

Rapa wa Marekani Vanilla Ice naye alitoa Play That Funky Music ya kwake bila kumtaja Parissi, na nyuma akaweka Ice Ice Baby. Redio wakaigeuza, ya nyuma ikavuma 1990. Parissi alidai haki yake akalipwa kama dola 500,000.

Usiioshe kwa sabuni ya unga. Kitambaa laini, ufute kwa kuzunguka kufuata mistari, usifute kwa kuikatisha. Na kama kuna jina la baba limeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya katikati, liache. Mnunuzi atakwambia linashusha bei, na ni kweli linashusha.