Majipu hayaishi, likipona hili linaota lile

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni bodaboda huku Mbagala, nina miaka 29, tangu Desemba nasumbuliwa na majipu, likipona la makalioni linaota la pajani, juzi limeota la kwapani hata mkono sishushi. Nimemeza vile vidonge vya rangi mbili, vingine nafungua ule unga nainyunyizia kidonda. Mama anasema nimezidisha embe na damu yangu chafu ninywe mwarobaini, jirani yeye anataka alitumbue na sindano. Nisaidie maana naendesha nimekaa upande abiria wananicheka.

JIBU: Marahaba, na pole sana kijana wangu. Kwanza embe tuisafishe jina. Embe zinajaa sokoni Desemba hadi Februari na huo ndo wakati Dar joto halina adabu, wewe umekalia siti ya moto kutwa na jinzi ya kubana, jasho linatiririka, ngozi inasuguka, halafu bakteria anaitwa Staphylococcus aureus anapenya kwenye shina la kinyweleo anaanza kazi. Embe imekutwa tu eneo la tukio. Huyo bakteria karibu mtu 1 kati ya 3 anatembea naye puani wala haumwi chochote, kwa hiyo damu chafu hamna hapo, na mwarobaini mchungu utakuonea bure.

Dawa kubwa ya jipu ni kukanda. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoyavumilia (usijiunguze), weka juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, basi. Litaiva na kupasuka lenyewe. Likipasuka osha kwa maji na sabuni, funika na gozi, na mikono unawe vizuri kabla na baada maana ule usaha ndo unapanda jipu lingine. Unga wa kidonge acha kabisa, kile kimetengenezwa kimezwe, hapo juu kinaganda tu kama ukoko, na hata ukimeza, jipu likishajaa usaha dawa inapata shida kufika ndani, kinachoponya ni usaha kutoka. Kumeza viwili vitatu ukapata nafuu ukaacha ndo kufundisha wadudu ukaidi.

Jirani mwambie asante. Tangu 2015 enzi za Magufuli neno kutumbua majipu limetuingia sana kila mtu anajiona fundi, ila hili la ngozi ukilikamua unasukuma uchafu ndani zaidi. La puani au mdomo wa juu ndo usiguse kabisa, mishipa ya hapo ina njia ya kwenda kichwani kwenye ubongo. Likiwa kubwa, au una homa, au wekundu unatambaa, au wiki mbili zimepita halijapasuka, nenda hospitali wakuchome ganzi walipasue kwa vifaa safi.

Sasa kinachonishtua kwako sio jipu moja, ni hilo kurudi rudi. Kapime sukari, wengi wanakuja kujua wana kisukari kwa majipu tu, na ukiwa hapo hapo pima na VVU. Muulize daktari pia kama puani kunahitaji dawa ya kupaka. Nyumbani kila mtu awe na taulo lake na wembe wake, mashuka na boksa fua kwa maji ya moto, anika juani upige pasi. Pasi inaua na mayai ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, funza wake akiingia kwenye ngozi anafanana na jipu kabisa, ila lina kitundu katikati na unahisi kitu kinacheza. La kwapani usinyoe mpaka lipone, na kama huwa yanarudia palepale yanaacha makovu yenye vishimo mwonyeshe daktari, hiyo inaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa.

Kazini vaa suruali pana ya pamba, ukirudi oga hapo hapo usilale na jasho. Na siku ya kupima sukari nenda asubuhi kabla ya chai na chapati.