Mtoto amerefushwa mguu, anaogopa kukanyaga

Pole sana, dada wa Uyole. Umesema mwanao amerefushwa mguu sentimita 4, bado ana vyuma vya duara vinavyozunguka mguu kwa nje, na akisimama analia. Mdogo wangu alipita hapohapo.

Muulize daktari, picha ya eksirei ikiwa mkononi, akanyage kwa uzito kiasi gani. Mfupa huvutwa kama milimita 1 kwa siku, ila mfupa mpya unaojaza pengo kukomaa ni kazi ndefu, mara nyingi mwezi au zaidi kwa kila sentimita. Kwa hiyo msimharakishe.

Kinachosahaulika ni kifundo cha mguu. Misuli hukaza, kisigino kikagoma kugusa chini. Mtaalamu wa fiziotherapia alituonyesha kupitisha kanga chini ya wayo: goti limenyooka, mtoto anavuta ncha zote mbili taratibu kuelekea kwake. Baridi ya Juni ilipombana mdogo wangu, tulisubiri jua litoke ndipo tuanze. Muombeni wenu awaonyeshe.

Magongo nayo, kagua mipira ya chini. Ikilika, kwenye matope ya huko atateleza.

Ukiona usaha kwenye matundu ya vyuma, homa, ganzi, vidole kubadilika rangi au shavu la mguu kuvimba ghafla, mrudishe hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki.